Dunia Inayokungoja

Katika mchezo wa Skyrim kuna joka liitwalo Alduin, na kazi ya joka hilo ni kuumeza ulimwengu. Unaambiwa mapema, bila kufichwa: usipolikabili, kila kitu kitakwisha. Kisha unaachiwa njia. Unaweza kuelekea aliko Alduin, au ukateremka bondeni kuchuma maua ya buluu ya kutengenezea dawa, ukaingia nyumba za watu usiowajua, ukasoma vitabu vilivyo rafuni mwao, ukanunua nyumba, ukaoa, ukakaa. Joka halichoki. Linakungoja. Halitaumeza ulimwengu mpaka wewe mwenyewe uwe tayari.

Nimekufikiria sana kungoja huko. Watu wakisimulia michezo ya aina hii, ya dunia iliyo wazi ambamo unaingia na kuwa mtu mwingine, hutaja ukubwa wa ardhi, wingi wa silaha, uzuri wa mwanga juu ya maji. Skyrim ilipoonyeshwa mwaka 2011, kabla haijatoka Novemba ya mwaka huo, mtayarishaji wake Todd Howard aliwaonyesha watazamaji mlima wa mbali na kuwaambia kwamba ule si picha ya ukutani. Unaweza kuupanda hadi kileleni. Tangu siku hiyo kila mlima katika kila mchezo umedaiwa kilele.

Lakini mimi naona zawadi yake kubwa, na pengine jeraha lake kubwa, si mlima. Ni ule ulimwengu uliokubali kusimama hadi urudi. Nani mwingine amewahi kutungoja hivyo? Na baada ya kungojwa hivyo, tunarudi vipi kwenye dunia isiyomngoja mtu?

*

Sisi wa Ukunda tulianza na mchezo wa GTA: San Andreas. Ilitoka Oktoba 2004 kwa PlayStation 2, na kwetu ikafika kama vitu vingi vinavyotufikia, diski ya kunakili, jina limeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino. Kibanda kilikuwa nyuma ya barabara kuu iendayo Lunga Lunga, mabati juu, na pazia la kitenge mlangoni ili jua lisipige kwenye skrini. Ulilipa kwa muda. Wengi walicheza mpira, kwa kuwa mpira una dakika zake na mshindi wake, na pesa yako unaiona ilikokwenda. Wachache tulilipa ili tusifanye lolote. Tuendeshe gari tu. Tuone barabara inaishia wapi.

Mchezo ule unaanza na msiba. Mwaka ni 1992, na kijana Carl Johnson anarudi Los Santos kwa sababu mama yake ameuawa. Anaingia katika nyumba ya mama. Anakwenda makaburini, anawakuta ndugu zake, wanagombana kama ndugu wanavyogombana penye kaburi. Wakitoka hapo wanashambuliwa, gari linateketea, na mchezo unakupa baiskeli.

Sisi tulikuwa watoto tuliolelewa kwenye nyumba za matanga. Tulijua kwamba siku ya maziko hakuna anayepanda baiskeli kwenda kutembea. Majirani hukaa jamvini, hitima husomwa, wanawake hupika kwa masufuria ya kuazima, na mtoto anayecheka kwa sauti hukatwa jicho. Lakini ndani ya skrini mama alikuwa ametoka kuzikwa, dunia ilikuwa wazi, na sisi tulikanyaga pedali.

Wakati ule sikuona ajabu. Leo naona. Ni nani aliyeamua kwamba ili kuufungua ulimwengu mkubwa namna ile, sharti kwanza kijana aondolewe mama yake? Na mbona mingi kati ya michezo hii huanza hivyo, mtu amepoteza mtoto, au mzazi, au kumbukumbu zake mwenyewe, kisha anapewa farasi? Labda waliotunga walijua jambo. Labda mtu ambaye hajapoteza kitu hana haja ya ardhi kubwa kiasi hicho.

Kibanda kizima kilikuwa na memori kadi moja. Muda wako ukiisha, ulisevu safari yako humo, na kesho yake ulikuta mwingine amesevu yake juu ya yako. Hakuna aliyefanya kwa ubaya; nafasi zilikuwa chache na sisi tulikuwa wengi. Jana ulikuwa umefika San Fierro, ng'ambo ya daraja. Leo uko tena katika mtaa wa Grove, mama amekufa upya, baiskeli iko pale pale. Tukaanza tena. Hatukulalamika sana. Nadhani ile kadi ndiyo iliyokuwa sehemu ya kweli kupita zote katika mchezo ule, na hakuna mtayarishaji aliyeikusudia.

Siku hizi mchezo unajihifadhi wenyewe. Chombo kikiharibika, safari iko mahali pengine, inapatikana. Mtoto wa leo hajui kupotelewa na nchi nzima kwa sababu mwenzake alikuwa na shilingi baada yake. Ni neema, sina shaka. Nauliza tu neema hiyo inamfundisha mtoto kutarajia nini.

*

Matarajio hupanda polepole, kama bamvua linavyopanda, na huoni hadi maji yamefika kizingitini.

Mei 2015 studio ya Poland, CD Projekt Red, ilitoa The Witcher 3. Ndani yake kuna mtu anayeitwa Baroni, mlevi, mnene, mwenye sauti kubwa. Mke na binti yake wametoweka, naye anakuomba umtafutie. Unatafuta. Kadiri unavyotafuta ndivyo unavyojua kwa nini walitoweka: ni yeye, ni pombe yake, ni mkono wake. Kisha unatakiwa kuamua, na hakuna uamuzi unaoirudisha nyumba ile kuwa nyumba. Nilipoimaliza sehemu hiyo nilizima runinga nikakaa. Na hiki hakikuwa hata kiini cha hadithi kuu. Ilikuwa njia tu ya kupitia.

Baada ya hapo ni nani angeridhika kutumwa ngozi 10 za mbwa mwitu na mzee asiye na jina? Kipimo kilikuwa kimekwisha kubadilika. Kila mpita njia alidaiwa huzuni yake.

Agosti 2016 ikaja No Man's Sky, kazi ya kikundi kidogo cha Uingereza, yenye sayari zaidi ya 18 ikifuatwa na sifuri 18. Hakuna ukoo wa binadamu utakaozimaliza. Watu wakatua kwenye ya kwanza, ya pili, ya kumi. Wakakuta mawe, majani ya rangi ngeni, wanyama wenye miguu isiyolingana, na kimya. Wengi walikasirika kwa hasira ya mtu aliyedanganywa. Nimejaribu kuielewa hasira ile, kwa maana walipewa mbingu nzima. Nadhani walikosa jambo moja. Nafasi ilikuwepo yote, lakini hakuna aliyekuwa akiwangoja huko. Watayarishaji wameirekebisha kazi ile mwaka baada ya mwaka tangu hapo, bila malipo, na wengi waliokasirika wamerejea. Hata hivyo lile la kwanza, la kushuka kwenye ngazi ya chombo ukitarajia mtu, haliwezi kurekebishwa.

Kisha Cyberpunk 2077, kutoka mikono ile ile iliyotupa Baroni. Ilitangazwa mwaka 2012, ikatoka Desemba 2020. Safari hii wachezaji ndio waliongoja. Ilipofika, kwenye PlayStation 4 ilikuwa imevunjika vibaya hivi kwamba wiki moja baadaye Sony iliiondoa kwenye duka lake na kurudisha pesa za watu, na haikurejeshwa hadi Juni 2021. Katika kasoro zote zilizosimuliwa kuna moja iliyonishika: wapita njia waliotoweka ukigeuza shingo. Unamwona mwanamke amesimama na mwavuli, unatazama pembeni, ukirudisha macho hayupo, wala mwavuli. Watu waliandika kwa uchungu kwamba dunia haiendi hivyo.

Haiendi hivyo kweli? Mimi nimegeuza shingo mara ngapi?

*

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa Msambweni. Alivulia malema. Lema ni mtego wa kusuka, mpana, wa pembe, unaoshushwa chini ya maji na mawe ya kuutuliza. Tafi na changu huingia kwa mdomo wake na hawaioni njia ya kutokea. Wengine hufunga boya ili waone juu ya maji walipoliacha. Yeye hakufunga. Boya humwonyesha mwenyewe na humwonyesha mwizi. Alilishusha lema likazama kabisa, bahari ikajifunga juu yake, na kesho yake alirudi akasimamisha ngalawa pale pale, akainama, akavuta.

Nilimwuliza anajuaje. Akaniambia nisiangalie maji, niangalie nchi kavu.

Upande mmoja kulikuwa na mbuyu mkubwa karibu na ufuo, na nyuma yake, mbali zaidi, mnazi uliopinda. Chombo kikisogea, viwili hivyo huachana au hukaribiana. Mnazi ukikaa sawasawa nyuma ya mbuyu, umeupata mstari. Sasa geuza uso upande wa pili: mnara wa msikiti, na chini yake ncha ya jabali lililotokeza majini. Navyo vikipandana, umepata mstari wa pili. Pale mistari inapokatana, chini yako kuna lema. Hakuna kilichoandikwa. Kila lema lilikuwa na mistari yake, na kila mwamba wa chini wenye samaki ulikuwa na wake, na jina lake, na majina mengine yalikuwa ya watu waliokufa kabla mama yangu hajazaliwa.

Katika michezo mikubwa unapanda mnara mrefu, unatazama huku na huku, na alama zinachomoza zenyewe kwenye ramani: pango hapa, adui pale, hazina kule. Ni furaha ambayo haijanichosha hata sasa. Lakini ni furaha ya kuonyeshwa. Mjomba hakuonyeshwa. Alikuwa amepewa kitu kimoja kwa kila msimu na wazee waliosema kidogo, mpaka bahari nzima, kuanzia Msambweni hadi karibu na Gazi, ikawa nyumba yenye vyumba.

Kwa mila ya zamani ya Wadigo, mali ya mjomba ilikwenda kwa mtoto wa dada yake. Dini na sheria zimeyabadilisha mengi katika hilo, ingawa neno lenyewe bado husikika wazee wa ukoo wakikaa. Basi mimi ni mrithi wa nini?

Kabla mjomba hajafa, mbuyu ulianguka. Haukukatwa na mtu. Masika yalikuwa mazito, ukalala usiku mmoja na asubuhi ukawa chini. Mnazi ulikwenda kwa umri wake. Nyumba za ghorofa ziliota mbele ya mnara, na kutoka baharini hukuuona tena mpaka utoke nje sana. Mistari ikaanza kukatika mwenyewe angali hai. Nikamwona akihamisha. Badala ya mbuyu, mlingoti wa simu. Badala ya mnara, paa jekundu la nyumba ya kukodisha wageni. Hakulalamika. Alitafuta kingine cha kushika, akakijaribu maji makavu na maji makuu, akakizoea.

Kwa hiyo hata kama ningeipokea ramani yake jiwe kwa jiwe, leo ningekuwa na ramani ya pwani isiyokuwepo. Je, alipokufa tulipoteza maarifa yale? Au tulipoteza macho yaliyoweza kuyaanza maarifa upya, alama baada ya alama, bila kudai kwamba mbuyu ungemngoja?

*

Kuna mtu mwingine ninayemkumbuka nikifika hapa, ingawa hakuwahi kuishi. Ni Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2, mchezo wa Oktoba 2018. Mwaka wake ni 1899, naye ni jambazi katika kundi la majambazi wakati zama zao zinakwisha. Mapema katika hadithi anatumwa kudai deni kwa mkulima fukara, Thomas Downes. Anampiga. Downes anakohoa, na kikohozi kinampata Arthur usoni. Ni kifua kikuu.

Anayecheza mara ya kwanza hajui. Anapita, anarudi kambini. Anayecheza mara ya pili anajua, na hapo linatokea jambo ambalo sijaliona katika sanaa nyingine yoyote. Haendi. Anawinda kulungu. Anavua. Anapanda farasi mpaka kwenye theluji na kurudi. Anaketi motoni kambini na watu ambao anajua watakavyokufa, mmoja mmoja. Mchezo unamruhusu. Deni linamngoja, Downes anangoja na kifua chake, na Arthur anabaki mzima siku hadi siku.

Nimewasikia vijana pale Diani wakielezana, kwa uzito wa watu wanaozungumzia ndugu: mimi yule wa kikohozi sijamwendea, mimi niko kambini bado.

Sina la kuwalaumu. Ndilo jambo ambalo kila aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa angelifanya, angepewa nafasi: kutokwenda mbele. Lakini nimejiuliza anayempenda Arthur anahifadhi nini hasa. Kwa kuwa Arthur yule wa mwanzo ni mtu mkavu, mkono mzito, asiyeuliza. Ni ugonjwa unaomfanya ahesabu aliyoyatenda. Mtu tunayempenda mwishoni ni yule anayekufa; yule tunayemweka hai kambini bado hajawa yeye. Tukimzuia asiugue tunamzuia asiwe. Tunaomboleza mtu ambaye tumekataa kumwacha azaliwe. Sijui kama hilo ni pendo. Sijui pia kama ni kitu kingine.

*

Kusini ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu wa takriban hekta 30 ulioingizwa mwaka 2008, pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, katika urithi wa dunia wa UNESCO. Unaingia ukiwa na mwongozaji, umefungwa kitambaa cheusi kiunoni. Hutoki na kitu, hata kijiti kilichokauka. Hupazi sauti yako kuliko inavyohitajika. Na kuna mahali unapoambiwa kwa upole kwamba hapa ndipo mwisho wako.

Nikiwa pale ndani nilihisi mwilini jambo ambalo nimelipata kwenye skrini: ile kiu ya ramani ambayo sehemu yake bado ni kiza. Katika mchezo kiza hicho ni ahadi. Ukienda, kinafunguka, hakuna kiza kilichowekwa ili kibaki. Kayani kiza kimewekwa ili kibaki. Waliozikwa huko, yaliyofukiwa huko, hayakunisubiri mimi niyafikie ndipo yawe kamili. Nilisimama nikajiuliza kama bado ninao uwezo wa kuheshimu mahali kwa sababu tu sitafika. Bibi zangu walikuwa nao bila kufundishwa. Au pengine walifundishwa na ufinyu wenyewe: mwenye dunia ndogo hujua thamani ya ukingo.

Sisemi haya kwa kutamani kila kitu kifungwe. Pwani hii imefungwa ya kutosha. Vichochoro tulivyopita utotoni kushuka baharini vimepakana na kuta pande zote, na vingine vimekwisha kuwa kuta. Kule Maumba na Nguluku watu walihamishwa ili mchanga wenye titani uchimbwe; uchimbaji wenyewe ulikoma Desemba 2024. Ardhi iliyochimbwa hujazwa na kupandwa miti. Lakini mtu aliyezaliwa pale akirudi hawezi kubonyeza pahali ili kilima kisimame tena kilivyokuwa, na kaburi la babu liwe upande wake wa kuume. Kuna kufungwa kunakolinda na kuna kufungwa kunakonyang'anya, na mtoto anayekulia kati ya hayo mawili, jioni akapewa ulimwengu usio na geti hata moja, nitamwambia nini kuhusu matarajio yake? Kwamba ni makubwa mno? Makubwa kuliko nini?

*

Abubakar Salim ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Mwaka 2017 sauti yake ilikuwa ya Bayek wa Siwa katika Assassin's Creed Origins, mchezo uliougeuza mfululizo ule kuwa dunia pana ya kuishi ndani yake, Misri ya wakati wa Kleopatra, jangwa na mto na miji. Bayek ni baba aliyempoteza mtoto wake, Khemu. Unaweza kucheza saa nyingi ukiua, ukipora, ukipanda mapiramidi, na kumsahau mtoto. Mchezo hauoni vibaya.

Lakini huko na huko nchini kuna duara za mawe, 12 kwa jumla. Ukikaa katikati yake usiku, Bayek anatazama juu, na wewe unasogeza nyota mpaka zilingane na umbo lililochorwa. Zikilingana, unasikia mazungumzo ya zamani ya baba na mwana, mtoto akiuliza, baba akijibu. Hakuna silaha unayopewa pale pale, hakuna adui. Mistari inakutana juu, na chini ya mahali inapokutana kuna kilichozama. Nilipofika duara la kwanza nilikuwa peke yangu nyumbani na nilijua mara moja ni nani aliyenifundisha kutazama hivyo.

Salim mwenyewe alikuwa amempoteza baba. Miaka baadaye, kupitia studio yake, Surgent Studios, alitengeneza Tales of Kenzera: Zau, akautambulisha mwishoni mwa 2023 akimzungumzia marehemu jukwaani. Ulitoka Aprili 2024. Zau ni mganga kijana anayemwendea Kalunga, mungu wa kifo, na kumwomba amrudishie baba. Naye atalipa kwa kumletea roho kubwa tatu zinazokataa kuondoka duniani. Unaweza kuusikiliza kwa Kiswahili. Nimeusikiliza kwa Kiswahili. Kumsikia kijana akibishana na kifo kwa lugha ambayo mimi mwenyewe nimeombolezea, hilo ni jambo ambalo dunia zote pana nilizozipitia hazikuwahi kunipa.

Na ni mchezo mdogo. Hauna nchi isiyokwisha. Jioni chache zinautosha. Wako waliousifu, wako waliouona mfupi, na kabla mwaka haujaisha studio ilikuwa imepunguza watu na inatafuta fedha za kuendelea. Sidai kwamba sababu ni moja. Biashara hiyo yote ilikuwa ikitikisika mwaka ule. Ila nashindwa kulitoa hili moyoni: mtu yule yule alitupa sauti ya baba anayemlilia mwana ndani ya dunia kubwa kuliko uwezo wetu wa kuimaliza, na tukaipokea kwa shangwe. Alipotuletea mwana anayemlilia baba, ndani ya dunia inayolingana na huzuni yenyewe, baadhi yetu tuliuliza mbona imeisha.

Huzuni hupimwa kwa saa ngapi? Arobaini ya mtu ni siku 40, na baada yake jamvi linakunjwa, na hakuna jirani anayesema ilikuwa fupi. Je, ni kwa sababu wanajua kwamba jamvi si huzuni? Au kwa sababu hawakuja wakitarajia kujazwa?

*

Mpwa wangu ameniuliza juzi kuhusu GTA mpya, ile iliyoahidiwa 2025 ikasogezwa hadi 2026. Eti mjomba, utaweza kuingia kila nyumba? Aliuliza si kama anayetamani, bali kama anayehakikisha. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akaona ningepaswa kujua.

Tangu hapo namfikiria fundi mmoja, ambaye pengine bado ni mtoto, atakayeipima pwani ya Msambweni yote kwa droni na kuitia ndani ya mashine. Mbuyu usimame. Mnazi upinde pale pale. Ghorofa ziondoke mbele ya mnara, na mistari ikatane ilikokuwa ikikatana. Hilo si ndoto tena. Misri ya kale imekwisha kusimamishwa hivyo. Na mchangani amketishe mzee anayesuka lema.

Ningekwenda. Najua ningekwenda. Ningemkaribia, ningebonyeza kitufe cha kusema naye, naye angesema: maji yanajaa. Ningebonyeza tena: usiangalie maji. Tena: umekula? Kisha angeanza upya, maji yanajaa, kwa sauti ile ile, bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yake. Mjomba mwenyewe, Mungu amrehemu, hakuwa na maneno zaidi ya hayo kwa siku nyingi za maisha yake, na sikumbuki kuyaona machache. Lakini michezo hii imenizoesha kwamba ukienda mbali, ukafanya kazi kubwa, ukarudi, mtu uliyemwacha huwa na neno jipya kwa ajili yako. Basi ningeondoka pale. Ningepanda kila mlima, ningeua kila joka, ningefungua kila kiza cha ramani. Halafu ningeshuka tena mchangani, nibonyeze, nikitarajia la nne.